Sauti ya Mama Mwamini Juu ya Lori

Wiki iliyopita nilikaa siku mbili kwenye mkeka wa kilio Kasongo, tukimlilia dereva Ramazani, na kwa siku hizo mbili nilisikia watu wakisema uongo kwa nia njema. Mmoja alisema marehemu alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki, ndiyo maana lori lake lilitangulia malori yote ya barabara ya Kabambare kufungwa mabafle, yaani spika kubwa. Mwingine akaongeza kwamba alipenda sana kucheza, akatuonyesha na jinsi mabega yake yalivyokuwa yakienda. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta na kikombe changu cha kahawa ya tangawizi, nikawa natikisa kichwa kama mzee yeyote anavyotikisa kichwa kilioni. Ramazani hakujua kucheza. Muziki ulimchosha. Mwaka mzima nilioishi kwake sikumsikia akiimba hata wakati wa kunyoa ndevu. Lakini mabafle yale niliyafunga mimi, kwa mikono hii ambayo leo haiwezi kutia uzi kwenye sindano, na sababu yake naijua. Sikusema kitu pale, kwa kuwa kilio si mahali pa kusahihishana. Naandika hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na kiburi cha mtu wa sitini. Nilikuwa nimetoka Bukavu kufuata wachimba dhahabu, dhahabu sikuiona, nikabaki Kasongo nikitengeneza redio katika chumba nilichopangishwa uani kwa Ramazani. Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa ndio ukuta wa jiko la mke wake, mama Zaina, kwa hiyo risasi ya kuungia waya niliyokuwa nikiyeyusha na mawese aliyokuwa akichemsha vilichanganyika kuwa harufu moja, na mpaka leo nikisikia mawese yakipata moto vidole vyangu vinatafuta waya. Mimi ni Mkristo, wao Waislamu. Ulipofika mwezi wa Ramadhani nilijiandaa kununua maandazi sokoni, lakini kila mchana nilikuta sahani ya wali na samaki wa kukaushwa wa Nyangwe imefunikwa nyuma ya mlango wangu, imepikwa na mwanamke ambaye mwenyewe hajameza hata mate. Nilimwambia aache. Akasema, "Kufunga ni kwangu miye, njaa ni yako. Kula." Sijasahau hilo, na katika nyumba nyingi nilizopita baadaye sikuwahi kutunzwa vile.

Ukuta ule wa jiko haukuficha kitu. Ramazani aliporudi kutoka Kabambare, siku tatu au nne kwa barabara ile kufuatana na mvua, alikwenda kwanza jikoni, akakaa kwenye kigoda, na maswali ya mama Zaina yalikuwa yale yale kila safari. "Uliacha chumvi?" "Niliacha. Na sabuni, na kitenge." "Ulimuona?" Hapo nilisikia kijiko kikizunguka sufuriani. "Hapana. Moto iko nawaka, sufuria iko juu ya moto, yeye haiko." Nilisikia maneno hayo safari tatu kabla ya kuelewa kwamba wanamzungumza mama yake Ramazani mwenyewe, Mama Mwamini, aliyekuwa akiishi kijijini kwake, mbele kidogo ya Wamaza, kando kabisa ya barabara ambayo mwanawe alikuwa akipita.

Kwa asiyejua miaka ile, nieleze. Vita vilikuwa vimekwisha kwa maneno, lakini miguu ya watu ilikuwa haijaambiwa. Katika vijiji vile mlio wa injini ulikuwa na maana moja tu: acha kila kitu, ingia msituni. Lori la Ramazani lilibeba mchele, chumvi na mabati, lakini injini haisemi imebeba nini. Alipokaribia kijiji, aliwakuta kuku na mbuzi, na sufuria zikitokota, na hakuna mtu. Mama yake alivuka mto akajificha kwenye mashamba ya ng'ambo, na hakurudi mpaka lori liwe limekwenda mbali. Majirani walimwambia mara nyingi kwamba yule dereva ni mwanawe. Hakusadiki. Aliyemjua yeye alikuwa kijana wa kusukuma baiskeli za mizigo, na kwa miaka mingi hakuwa amesikia habari zake. Tena wakati wa vita kuna watu waliwahi kuitwa kwa majina ya watoto wao, "tokeni, ni miye mwanenu," wakatoka, na hawakurudi. Ramazani aliwahi kuacha lori akamtafuta kwa miguu siku nzima. Alichokipata ni majivu ya moto, bado ya uvuguvugu. Alisimulia habari ya yale majivu jikoni, na mama Zaina akaacha kukoroga.

Siku moja baada ya sala ya alasiri Ramazani alisimama mlangoni kwangu, na kaseti mkononi.

"Fundi, we unajua kufanya redio isikilike mbali?"

"Mbali namna gani, yaya?" nilimwuliza, maana kwetu kaka mkubwa huitwa hivyo.

"Kutoka barabara mpaka ng'ambo ya mto."

"Ju ya nini? Unataka kuchezesha samaki?"

Hakucheka. Akanipa kaseti. Nilipoiweka kwenye redio yangu, nilisikia matari, kisha sauti ya mwanamke mmoja ikiongoza kaswida na wengine wengi wakiitikia nyuma yake. Ilikuwa sauti kavu, ya juu, isiyoomba ruhusa kwa mtu. Jogoo aliwika katikati ya ubeti, na yule mwanamke hakutetereka. "Njo mama yangu," Ramazani alisema, yaani ndiye huyo anayeongoza. Ilirekodiwa kwenye harusi ya dada yake, kabla ya vita. Alikuwa amewaza hivi: mtu anaweza kuiga sauti ya mwana, lakini nani ataiga sauti ya mama mwenyewe? Akijisikia, atajua kwamba aliye barabarani ni wa nyumba yake. Mimi niliona ni wazo la mtu mwenye akili nyingi, na nikaona pia, siwezi kuficha, nafasi ya kuonyesha Kasongo nzima kwamba mimi si fundi wa kubadilisha tu mawe, zile betri ndogo za redio.

Kazi ilichukua wiki mbili. Redio ya gari ilitoka Bukavu kwa ndege, imefungwa ndani ya suruali ili isigongwe. Nilitoboa dashibodi kwa msumari wa moto na msumeno wa chuma, na Ramazani akawa anageuka kando kila niliposukuma msumeno, kama anayekatwa mwenyewe. Seremala alitutengenezea sanduku la mvule la kukaa nyuma ya kiti, lenye bafle mbili, na juu ya paa la kichwa cha lori nilipanda tarumbeta mbili za bati, za aina inayofungwa kwenye minara ya misikiti, nikazibana kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi ili zisipige kelele kwenye mashimo. Tulipowasha injini kwa mara ya kwanza, mlio mwembamba kama wa mbu uliingia katika bafle, ukipanda na kushuka kila Ramazani alipokanyaga mafuta. Siku mbili niliutafuta mbu huyo. Mwishoni nilikwangua rangi chini ya kiti mpaka chuma kikang'aa, nikafunga hapo waya wa ardhi wa redio, na mbu akafa. Mama Zaina aliyekuwa akipepeta mchele uani alipiga kigelegele, nami nikainama kama waziri.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Lori lilikuwa na betri mbili kubwa zilizounganishwa mfululizo, jumla volti ishirini na nne, na redio ilitaka kumi na mbili. Kipo kifaa cha kupunguza umeme, Kasongo hakikuwepo. Ramazani alisema tuagize, tungoje. Mimi nikasema fundi wa kweli hangoji ndege, nikavuta waya kutoka betri moja tu, ya pili nikaiacha. Redio ikawaka vizuri kabisa. Betri mbili za namna hiyo ni kama watu wawili wanaobeba mgonjwa kwa kipoyi: ukimchosha mmoja, wa pili hawezi kufika peke yake. Nililijua hilo nusu nusu. Baada ya safari ya kwanza nilipofungua sanduku la betri, nilikuta moja imechemka, inanuka mayai yaliyooza, na mwenzake imepoa na kulegea. Niliongeza maji nikafunga kifuniko. Nilifanya hivyo mara nne, uani na njiani, kila mara nikiangalia kwanza kama Ramazani yuko msalani au msikitini.

Nilikuwa nasafiri naye, kwa kuwa msaidizi wake alioa Kabambare akabaki huko kwa wakwe. Mara ya kwanza tulisimama mchana katikati ya kijiji cha mama yake, Ramazani akazima injini ili isiwatishe watu, na mimi nikafungua sauti yote. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Matari yalipiga miti ya ng'ambo yakarudi, na sauti ya Mama Mwamini ikajaa kijiji kitupu chenye mbuzi watatu. Ramazani alishuka, akasimama barabarani amevaa kanzu safi aliyoificha kwenye begi tangu Kasongo bila kuniambia, mikono imening'inia. Tulirudia kaseti mara mbili. Hakutoka mtu. Alipanda tena, akavua kanzu, akaikunja vizuri, tukaendelea na safari.

Tuliporudi kutoka Kabambare, tulikuta mtu mmoja amebaki kijijini: Sifa, mwanamke mfupi mwenye ndizi za kuuza, ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kukimbia, kwa hiyo alikuwa amezoea kuogopa akiwa amekaa nyuma ya mlango wake, na siku ile tu alijitokeza. Ramazani akamwuliza kama mama alisikia.

"Alisikia! Nani hakusikia?" Sifa alisema. "Alikimbia mpaka ile mashamba ya mwisho. Anasema, sauti yangu iko kule barabarani inaniita, na miye niko hapa. Kitu yenye kuchukua sauti yako, kesho itachukua na mwili. Anasema ni jini. Mutu hawezi kuitikia sauti yake yeye mwenyewe."

Mimi na Ramazani tulitazamana. Wote wawili tulikuwa tumelelewa na bibi waliotufundisha kwamba ukiitwa porini na usiyemwona, usiitikie, na hakuna aliyelikumbuka hilo. Sisi tuliona sauti ya mama. Yeye, katika mashamba yale, alisikia kitu kimemwiga mpaka pumzi. Ramazani alirudisha ndizi aliyokuwa ameanza kuimenya, akaiweka juu ya mkungu polepole, na siku ile hakula tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kumweleza kwamba tatizo ni sauti za juu, kwamba tarumbeta zinakwaruza, nikipunguza ukali kidogo mama ataisikia kama sauti ya mtu na si ya jini. Niliamini niliyosema. Fundi kijana huamini kwamba kila huzuni ina kifungo chake cha kuzungusha.

Ndiyo maana safari iliyofuata tulisimama tena palepale. Nilipunguza ukali, nikaongeza uzito, injini ikiwa imezimwa, tukapiga kaseti ile kuanzia asubuhi mpaka jua likawa kichwani. Mwishoni sauti ya Mama Mwamini ilianza kushuka, ikawa nzito, ikawa ya mwanamume, kisha ikanyamaza. Ramazani akazungusha ufunguo. Lori likasema tk. Akazungusha tena, na hata tk haikuja.

Siku ile alilaumu wauza betri wa Bukavu, nami nikawalaumu pamoja naye. Kesho yake tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha lori, tunapika bugali kwenye mafiga matatu, maana hakuna gari jingine lililotazamiwa wiki ile. Akaanza kunihurumia. "Pole, fundi. Kazi yako nzuri vile, na watu wanatuuzia betri mbovu." Hiyo pole ndiyo iliyonishinda. Nikamwambia yote: waya mmoja, betri moja, maji niliyokuwa nikiongeza kwa siri. Alinisikiliza akiwa ameshika mwiko. Kisha akaanza kupiga kelele ambazo sikujua kwamba anazo. Alinitukana mimi, akaitukana redio, akatukana mvua na Bukavu nzima. Alisema, "Mama yangu iko pale! Pale! Na we unanificha maji ya betri?" Nikajibu kwa kelele vilevile, kwamba nani alileta wazo la kaseti, nani alimfanya mama yake kuwa jini? Lilikuwa neno baya, na nilijua ni baya kabla halijamaliza kutoka. Alikaa chini, akafunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini, na bugali ikaungua. Niliondoa sufuria motoni nikaanza kuikwangua.

Siku ya tatu Sifa alikuja taratibu na fimbo yake, akasimama mbali kidogo na sisi. Alisema watu wa ng'ambo wanaulizana. Motokari iliyokufa siku tatu hawajapata kuiona maishani. Wenye bunduki hawakai siku tatu mahali pamoja wakifua mashati na kuunguza chakula, na majini hayagombani juu ya betri. Kilio cha jana kilivuka mto bila bafle yoyote. Mama Mwamini alikuwa amesogea, yuko nyuma ya migomba, lakini hatoki kabla ya kujibiwa swali moja.

"Anauliza, siku ulitahiriwa, alikupikia nini?"

Ramazani alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta. Uso wake wote ulikuwa unatafuta, kama mtu anayepapasa mifuko yake mbele ya mlango. Nilimnong'oneza aseme kuku. Nani hapiki kuku siku ya tohara? Hakunisikia, au alinisikia akakataa. Mwaka mzima wa chumvi na sabuni, kaseti, kanzu, vyote vilikuwa vimefika kwenye sahani moja ya chakula cha utotoni, na yeye haioni.

"Sijue," alisema mwishoni. "Mwambie sijue. Nakumbuka tu nililia, na yeye alinishika kichwa. Chakula sikumbuke. Mwambie anisamehe."

Sifa aligeuka, akaenda kwa ile miguu yake. Tulimwona akiingia kwenye migomba. Ramazani hakukaa wala hakusimama vizuri, aliinama tu, mikono juu ya magoti. Niliona tumepoteza, nikaanza kupanga kichwani maneno ya kumwambia mama Zaina. Kisha migomba ikafunguka, na mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kitenge kilichofifia mpaka kikakosa rangi, akatoka peke yake, anatembea haraka na anagomba huku anakuja.

"Mwongo angesema kuku!" alisema. "Wote wanasema kuku! Huyu hakulaka kitu ile siku, alitupa sahani ku ukuta!"

Hawakukumbatiana kama watu wa sinema. Alimshika masikio, akamgeuza kichwa kulia na kushoto, akaangalia kovu nyuma ya shingo, akamkemea kwa kukonda, ndipo akamwangukia, na Ramazani akamdaka. Nilikwenda upande wa pili wa lori. Nililia huko mwenyewe, na sioni haya kulisema, kwa sababu hasira yote ya jana ilikuwa imenitoka na sikuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake.

Mchana wa siku ile watu wengine walitoka mmoja mmoja. Walishusha magunia ya mchele ili lori liwe jepesi, kwa kuwa mbele ya kijiji barabara inateremka kidogo, na injini ya zamani namna ile ikisukumwa kwenye mteremko huweza kuwaka bila betri. Ramazani alikaa kwenye usukani. Sisi tuliobaki tulipanga mabega nyuma: wanaume, akina mama waliofunga watoto mgongoni, na Mama Mwamini katikati, viganja viwili juu ya ubao wa nyuma, karibu na vyangu. Tulisukuma, likasogea. Tulisukuma tena, likashika mteremko, Ramazani akaachia klachi, na injini ikalipuka na kunguruma, moshi mweusi ukatufunika.

Barabara yote ikabaki tupu kwa mara moja. Sijui nani alianza. Watu waliokuwa wamesukuma kwa mikono yao wenyewe, wakijua wanasukuma nini na kwa nini, waliruka kulia na kushoto wakatoweka msituni, watoto wakiyumba migongoni. Hata mimi niliyefunga kila waya wa lori lile nilijikuta nimelala mtaroni, uso kwenye nyasi, mikono juu ya kichwa.

Moshi ulipopungua niliinua macho. Lori lilikuwa limesimama hatua chache mbele, linatetemeka, na nyuma yake palikuwa na mtu mmoja. Alikuwa amefumba macho kabisa. Midomo ilikuwa inakwenda, viganja viwili vimebana ubao, na mwili wote ulikuwa unatetemeka kuliko lori. Alikuwa ametembea nalo badala ya kuliacha. Aliogopa kuliko sisi sote tuliokimbia, lakini mwanawe alikuwa ndani ya mlio ule, naye hakuachia.

Ramazani alivuta breki, akaacha injini ikinguruma, akashuka na kwenda kwake nyuma ya lori.